Wajina Kwenye Chungu

Mbwa wa nyumba ile aliitwa Duchess. Ndunge aliambiwa hilo kabla hajavua viatu, kabla hajaonyeshwa mtoto, na akaombwa alitamke vizuri kwa sababu mbwa mwenyewe haitiki akiitwa ovyo. Alikuwa ametoka Gatuanyaga na kuku hai kwapani, unga wa wimbi kwenye kiondo na kibuyu cha maziwa lala, amekuja Membley kumwona mtoto mchanga wa Mutheu, binti yake wa pekee. Alimsalimia mbwa kwa jina, kwa adabu zote, kisha akauliza mtoto anaitwa nani.

"Tutatangaza Sunday, Mama," alisema mkwe wake, Wanyoike. "Kuna programme."

Ndunge alimeza jibu lililokuwa limeshafika mdomoni. Programu ya kutangaza nini? Jina la mtoto yule lilijulikana tangu kabla ya mimba. Msichana wa kwanza wa Mutheu aliitwa Wakonyo, jina la mamake Wanyoike, na ndivyo ilivyotakiwa, kwa Wakikuyu na kwa Wakamba pia: wa kwanza kwa nyanya mzaa baba, wa pili kwa nyanya mzaa mama. Huyu alikuwa wa pili. Huyu alikuwa Ndunge, wajina wake. Kule Gatuanyaga wanawake wote wa kisimani walikwisha kuambiwa, na wawili walishaanza kumtania kwamba sasa amezaliwa upya, atanyonya tena.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu kisimani. Mutheu alikuwa amepasuliwa, na daktari alimwambia asijaribu tena. Ndunge naye alizaa mmoja tu. Kwa hivyo jina lile lilikuwa na mlango mmoja wa kupitia, na mlango wenyewe ulikuwa umelala chumbani, umefungwa kitambaa cheupe, ukinusa maziwa. Likikosa hapo, basi.

Wanyoike aliuza viwanja. Ofisi yake ilikuwa Ruiru, na aliweza kumwelezea mtu shamba ambalo hajawahi kulikanyaga mpaka mtu huyo akaanza kunusa mvua yake. Ugonjwa wake ulikuwa kueleza. Aliieleza sufuria ya umeme, akaeleza matofali ya kabro ya uani yalivyopangwa, akamweleza Ndunge, aliyefuga mbuzi tangu utotoni, faida za maziwa ya mbuzi. Tena alikuwa katibu wa chama cha wakazi wa mtaa, na alijivunia sheria zake kama mtu aliyezizaa. Ndunge alikutana na sheria mojawapo siku ile ile langoni, ambapo askari wa zamu alikuwa Muoki, kijana wa Kikamba mwenye adabu.

"Kuingia si shida, mwaitu," Muoki alikuwa amemwambia, akimwita mama kwa lugha yao. "Shida ni kutoka na kitu. Hata kama ni sufuria, lazima nipigie mwenye nyumba kwanza. Ni sheria ya Secretary."

Ndunge alikuwa amecheka. Nani angetoka Membley na sufuria?

Nyumbani kwa mkwe alikaa kama alivyofundishwa kukaa. Kwa Wakamba, mama mkwe na mume wa binti yake wana nthoni kati yao, heshima ile ya kukaa mbali: hawakai kiti kimoja, hawataniani, na mama mkwe hatafuni mbele ya mkwewe. Chakula kilipoiva Ndunge alichukua sahani yake akaenda kula jikoni, mlango ukiwa umerudishwa. Wanyoike alionelea kwamba ni ushamba. Akamweleza.

"Mama, hapa ni kwenu, feel free. Hizi ni viti za watu. Hakuna mtu atakuangalia ukikula."

"Ndiyo maana sitaki, Baba Wakonyo. Isije ikatokea ukaniangalia."

Hakuelewa, na hakuuliza. Kuuliza hakukuwa kazi yake. Usiseme Ndunge alikuwa mpole, maana hakuwa. Ulimi wake ulijulikana mpaka ng'ambo ya mto. Aliwahi kumwambia Wanyoike kwamba ngazi ya nyumba yake itamvunja mtu shingo, na kwamba mtu anayeuza ardhi ya wengine angepanda hata sukuma kwenye yake. Yote mawili yalikuwa kweli, na hakusamehewa hata moja.

Alhamisi, Duchess alitapika. Alitapika povu kwenye zulia la sebuleni, akalala ubavu huku akitokwa na ute na kujikuna mdomo kwa makucha. Wanyoike alitoka chumbani mbio, akamtazama mbwa, akamtazama mama mkwe.

"Mama, umempatia mifupa ya kuku?"

"Kuku niliyeleta mmemla nyinyi mpaka miguu, Baba Wakonyo. Mbwa angebakiziwa nini?"

Daktari wa mifugo aliitwa kutoka Ruiru mjini, akaja na pikipiki. Alimfungua mbwa mdomo, akatoa kipande cha jani, kisha akageuka bila kuuliza mtu na kuunyooshea kidole mmea uliokuwa kwenye chungu cheupe kando ya televisheni. Majani yake yalikuwa marefu, magumu, yamesimama wima, ncha kali, kijani chenye mistari, na moja lilikuwa limetafunwa ukingo. Una sumu, daktari alisema. Haitamuua, lakini mdomo utamwasha na ulimi utavimba, na mtu mzima akiutafuna yatampata yale yale.

Ndunge aliutazama mmea kwa makini kwa mara ya kwanza, akataka kucheka. Ndugu wa mmea ule alikuwa anamea ovyo Gatuanyaga, kwenye mawe ambapo hata mbuzi hawaendi kwa hiari. Alipokuwa msichana waliyaponda majani yale kwa jiwe, wakayakwaruza mpaka nyuzi zikabaki, wakasokota kamba. Mbuzi wake wa kwanza alifungwa kwa kamba ile. Na hapa mtu mzima mwenye gari alikuwa ameununua kwenye bustani za kando ya barabara, akautia kwenye chungu cheupe, na kuupangusa vumbi kila Jumamosi.

Daktari alipoondoka, Wanyoike hakuutupa mmea. Aliuinua akauweka juu ya stuli ndefu, mbali na meno ya Duchess, kisha akaketi na simu yake kusoma habari zake. Ndunge alikuwa akisugua zulia. Alimwona akisoma, akatabasamu, akarudia kusoma, kisha akamtupia yeye jicho la haraka na kucheka kwa pua. Alicheka tena jioni, akimpigia rafiki yake simu kwenye veranda. Ndunge hakujua anachekwa kwa lipi, lakini alijua anachekwa. Mwanamke aliyeolewa na kufiwa na kulea peke yake hujua hilo hata akiwa amegeuza mgongo.

Ijumaa alimpata Mutheu akinyonyesha, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Jina mmekubaliana?"

Mutheu hakuinua macho. Alikuwa bado anatembea kwa kushika ukuta, na uso wake ulikuwa umepungua.

"Mum, ngoja tu Jumapili."

"Nimekuuliza kitu cha kujibiwa kwa ndiyo."

"Mum, tafadhali."

Ndunge hakuuliza tena. Alikwenda jikoni akakoroga uji, na mwiko ulikuwa mzito kuliko uji wenyewe. Aliogopa. Tangu azikwe mumewe hakuwa ameogopa namna ile.

Jumapili walikuja. Wanawake wa ushirika wa kanisa walikuja na nepi, ndizi, soda na mashuka madogo yaliyofungwa kwa riboni. Zamani wangekuja na kuni mgongoni, lakini nyumba yenyewe haikuwa na mahali pa kuwasha. Alikuja Pasta Byron, kijana wa suruali ya kubana, aliyepaswa kumwombea mtoto akishatajwa. Alikuja Wakonyo mkubwa, mamake Wanyoike, kutoka Kamenu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, akaketishwa kwenye kiti kikubwa kuliko vyote. Spika kubwa iliyounganishwa na simu ya Wanyoike iliimba nyimbo za sifa. Ndunge alisalimiana na kila mtu, kisha akarudi jikoni kwenye chai, kwa sababu mkwe alikuwa sebuleni na watu walikuwa wanatafuna.

Mlango ulikuwa wazi nusu. Alisikia wimbo ukizimwa na Wanyoike akisafisha koo.

Alianza na mbwa. Alieleza jinsi Duchess alivyonusurika, na akina mama wakasema woi kwa huruma. Kisha akasimama kando ya stuli na kuushika mmea jani moja.

"Sasa mnajua hii maua inaitwaje kwa Kizungu? *Mother-in-law's tongue.* Ulimi ya mama mkwe!"

Kicheko cha kwanza kilitoka. Wanyoike alikisubiri kitulie, kwa sababu alijua kazi yake.

"Ngojeni niwaexplainie vile ilipata hilo jina. Wazungu waliiangalia vizuri. Wakaona ni ndefu. Wakaona iko sharp hapa mwisho. Wakaona ukiinyima maji mwezi mzima haikauki, bado imesimama tu. Na ukiiingiza kwa mdomo ni sumu. Wakajiuliza, sasa hii kitu nimeiona wapi? Wakakumbuka mama ya bibi!"

Walicheka mpaka vikombe vikagongana. Kicheko kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha Wakonyo mkubwa. Ndunge alisimama na birika mkononi. Mkwe huyu hakuwahi kumwona hata akitafuna kipande cha mhogo. Alikuwa ameufunika mdomo wake kwa ajili yake miaka yote ya ndoa ile, na sasa ulimi wake ulikuwa umeanikwa sebuleni, unashikwashikwa, na pasta anacheka. Halafu akawawazia hao Wazungu wenyewe. Watu gani hutazama jani wakamwona mzazi? Kwao waliutazama wakaona kamba. Mtu aliyeoa binti ya mtu, akalishwa, akapata watoto, kisha akatoka nje na kuliita jani la sumu kwa jina la mwanamke aliyemlea mkewe, huyo hakuwa mtaalamu wa mimea. Alikuwa mpumbavu aliyepata nafasi ya kuandika. Na Wanyoike alikuwa amelibeba jina hilo kutoka kwa watu asiowajua, akalileta nyumbani kwake kama zawadi.

"Kwa hivyo," Wanyoike aliendelea, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuuza kiwanja, "sisi tumekaa chini, tukaona tusonge na dunia. Wa kwanza tulimpea Wakonyo, ni sawa. Huyu anaitwa Aria. Full stop. Mnajua vile wazee husema, jina inakujanga na mwenyewe. Na hiyo ulimi," akaugonga mmea kidole, "moja kwa nyumba inatosha!"

Walicheka tena, ingawa si wote. Wengine walikumbuka kwamba kuna mtu jikoni.

Ndunge aliweka birika chini. Akavua aproni. Akaingia sebuleni akiwa na leso yake mkononi, na kelele zikapungua kila alipokanyaga. Kwenye sofa Mutheu alikuwa amempakata mtoto, machozi yanamtiririka bila sauti, na Ndunge akaelewa kwamba binti yake aliyajua yote tangu siku ya kwanza. Hilo lilimuuma kuliko kicheko.

Nthoni haikumruhusu kubishana na mkwe mbele ya watu. Hakumtazama hata kidogo. Alimgeukia Wakonyo mkubwa, ambaye alikuwa bado anajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kitambaa.

"Mama Wanyoike, niulize kitu."

"Uliza, Mama Mutheu. Hizo ni jokes tu."

"Mama mkwe wa Mutheu ni nani?"

"Si ni mimi!"

"Basi tulikuwa tunacheka ulimi wa nani?"

Wakonyo alishusha kitambaa. Alimtazama mwanawe, akautazama mmea, na uso wake ukabadilika rangi. Kando yake mama mmoja aliyemwoza mwanawe Desemba aliweka kikombe chini polepole.

Ndunge alifika kwenye stuli. Akakikumbatia chungu cheupe, akakishusha, akachuchumaa na kukipakia mgongoni kama anavyopakiwa mtoto. Akakifunga kwa leso, akapiga fundo kifuani, akajitikisa mara moja kukikalisha vizuri. Majani yalisimama nyuma ya kichwa chake.

"Nilikuja kuona wajina wangu," aliiambia nyumba. "Nimemwona. Ndio huyu. Mtoto mnaye, mwiteni mnavyotaka."

Akatoka. Nyuma yake Duchess alibweka.

Njia ya kabro ilikuwa na jua kali. Watu waliokuwa wakiosha magari waliacha maji yakimwagika na kumtazama. Chungu kilimuumiza uti wa mgongo na udongo ukamwingia shingoni, naye alitembea wima, akilia kwa hasira, bila kujifuta. Langoni Muoki alisimama ghafla kutoka kwenye kiti chake cha plastiki.

"Mwaitu, hiyo ni nini?"

"Mjukuu. Wajina wangu. Nifungulie."

Muoki aliutazama mmea, akamtazama mama wa kwao anayelia. Alitaka kufungua, ilionekana, lakini kazi ilikuwa kazi.

"Nisamehe. Lazima nipige. Si unajua ni sheria ya nani?"

Simu yake ilikuwa kuukuu, imeharibika sikio, hivyo aliitumia kwa sauti ya juu. Iliita, ikapokelewa, na sauti ya Muoki mwenyewe ikamrudia kwa kishindo kutoka upande wa pili. Simu ya Wanyoike ilikuwa bado imeunganishwa na ile spika ya nyimbo za sifa. Sebule nzima ilikuwa inasikia.

"Secretary, ni Muoki wa gate. Kuna mama hapa ametoka kwako na maua kwa mgongo. Nimemuuliza ni nini, anasema ni mjukuu yake, wajina. Sheria inasema nikupigie. Nimwachilie?"

Ndunge alisikia kikombe kikiwekwa. Alisikia mtu akikohoa. Mtu aliyekuwa na maelezo ya kila kitu chini ya jua hakuwa na la kumwambia askari wa lango.

"Secretary? Ni mjukuu ama si mjukuu?"

Kisha ikaja sauti nene, ya kuamuru.

"Wanyoike, jibu mtu. Kwani huna ulimi?"

Ikafuata purukushani, kama simu inayonyang'anywa, na sauti ya Mutheu, imekauka lakini haitetemeki.

"Muoki, usimfungulie. Mwambie Mum amebeba wajina si wake. Mwambie akae hapo. Namletea wake."

Muoki alikata simu. Akamvutia Ndunge kile kiti cha plastiki, na Ndunge akakataa kukaa, kwa sababu mtu aliyebeba mtoto mgongoni hakai ovyo. Alisimama na mmea wake akiitazama njia.

Mutheu alichukua muda mrefu kufika. Alikuwa na malapa ya nyumbani, mkono mmoja umeshika tumbo pale penye mshono, na mwingine umemshika mtoto. Wakonyo mkubwa alimfuata na mwavuli, akiwakinga jua, akihema, na kila hatua mbili alimtaja Mungu kwa Kikuyu: Ngai. Mutheu alimpa Wakonyo mtoto, akafungua fundo la leso kifuani mwa mamake, na Muoki akakipokea chungu kisianguke. Kisha Mutheu akamchukua mtoto, akamweka mgongoni mwa mamake palepale palipokuwa pamechafuka kwa udongo, na kufunga.

"Mum, niliogopa," alisema. "Huyu ni Ndunge. Nimeshawaambia wote pale ndani, hata Pasta. Wasipotaka kuombea Ndunge, waende."

Ndunge alihisi joto la mtoto likipenya nguo. Alivuta pumzi.

"Ndunge," alimwambia mtoto, juu ya bega. "Usikubali mtu akwambie unaongea sana."

Wakonyo mkubwa alicheka, na safari hii alijua anacheka nini. Kisha Muoki akakohoa kwa heshima.

"Na hii maua, mwaitu? Imetoka ama haijatoka?"

"Iache hapo," Wakonyo alisema. "Mwenyewe anakuja kuichukua."

Alikuja kweli. Aliteremka njia ile ile ya kabro, mbele ya magari yaliyooshwa nusu na majirani waliosimama kwenye mageti yao, Duchess akimfuata. Hakumwangalia mama mkwe. Aliinama, akakikumbatia chungu cheupe, na majani yakamziba uso mpaka akalazimika kuchungulia kwa pembeni.

"Wanyoike," mamake akamwita, kabla hajageuka. "Hilo jina lako la Aria sasa limebaki bure. Upatie huo mmea."

Wanyoike alikaza mikono kwenye chungu, akaanza kurudi kwa njia yote ile bila kueleza kitu.